Migongo ya Fimbo za Mtukufu

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja bila kibali, na ofisi inayotoa vibali imefungwa ili ichunguzwe kwa nini ilikuwa wazi. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" tu, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Haipo. Nimeagizwa nilisisitize hilo.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Michezo na Unyoofu, mwaka wa kumi na nne sasa. Haya ninayaeleza kama nilivyoyaona kwa macho yangu, isipokuwa ya mwishoni, ambayo niliyasikia tu. Sababu yake nitaieleza tukifika huko.

Mambo yalianza Jumamosi ya mashindano ya gofu, siku tuliyoadhimisha miaka ishirini na sita tangu Mtukufu Mlezi wa Taifa akubali kutuongoza kwa muda. Mtukufu anaupenda sana mchezo huo. Hucheza kila Jumamosi kwenye kiwanja cha Ikulu, na maofisa mia mbili na kumi humsindikiza kwa makofi. Upande wa kulia wa shimo la kwanza kuna bwawa, na mpira wa kwanza wa Mtukufu huenda kulia, ukaingia bwawani. Umekuwa ukienda huko tangu nilipoajiriwa. Bwawa hilo linaitwa Bwawa la Makusudi, na kwa kanuni za nchi yetu mpira ukiingia humo huhesabiwa kuwa umefika.

Siku hiyo alikuwepo balozi mgeni, hajamaliza hata wiki nchini, na hakuna aliyekumbuka kumpa kijitabu cha kanuni. Mtukufu akapiga. Mpira ukapaa, ukakata kulia, ukafanya chubwi. Sote tukainua mikono tupige makofi. Balozi, mtu mwenye adabu zake, akainamisha kichwa na kusema, "Ah, pole sana, Mtukufu."

Mikono yetu ikabaki hewani. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumpa Mtukufu pole. Pole hupewa mtu aliyepatwa na baya. Na kama Mtukufu amepatwa na baya, yupo aliyelifanya.

"Pole ya nini?" Mtukufu akauliza.

"Ya mpira," balozi akajibu. "Naona umepinda."

Waziri wetu, Mheshimiwa Abednego Mashiku, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Yeye ndiye anayehusika na unyoofu wote wa nchi. Nilimwona akishika tai yake kama mtu anayepima kitanzi. Halafu akasema neno moja lililookoa kiti chake, na ambalo limetuletea yote yaliyofuata.

"Haukupinda, Mtukufu," alisema. "Umepindishwa."

*

Baada ya siku tatu Waziri alikuwa ameshampata mtaalamu. Huyu alikuwa Profesa Viktorini Tabwe, mwananchi mwenzetu aliyeishi ng'ambo miaka kumi na mmoja na kurudi na sanduku la alumini. Ndani ya sanduku mlikuwa na vyombo viwili: mashine ndogo yenye pete mbili za gololi, na mkono wa chuma unaoweza kushika fimbo ya gofu na kupiga mpira wenyewe. Alivipanga juu ya meza ya Baraza la Mawaziri.

"Waheshimiwa," alianza, "fimbo ya gofu ina kichwa chini, ina mpira wa kushikia juu, na katikati ina bomba jembamba la chuma. Ninyi mnaliona bomba ni duara. Si duara! Hakuna bomba duniani lililo duara kamili. Kila bomba lina upande mmoja mgumu kuliko pande nyingine. Upande huo tunauita mgongo. Fundi akigundisha kichwa bila kujali mgongo umeelekea wapi, bomba hujikunja ovyo wakati wa kupiga, na mpira hupotea. Lakini mgongo ukielekezwa kwenye shabaha, mpira hauna pa kwenda ila mbele."

Akapitisha bomba kwenye zile pete za gololi, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba. Bomba likajizungusha lenyewe, likasita, likatulia, kama paka aliyepata pa kulala. Profesa akalipiga mstari wa chaki nyekundu. Mawaziri wakaguna kwa mshangao.

Waziri wa Kilimo akanyoosha mkono. "Profesa, na mipini ya majembe nayo ina migongo?"

"Mheshimiwa," Profesa alisema, "kila kitu kirefu kina mgongo."

Nilikiandika kikao chote, na naweza kuthibitisha kwamba hapo Mtukufu alikuwa bado hajasema kitu. Alikuwa akilitazama bomba. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo huwafanya walinzi waache kutafuna:

"Na fimbo zangu mimi, aliziunganisha nani?"

*

Aliziunganisha Bi. Zawena Lukindo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko la kiwanja, chenye jiliwa la kubania mabomba, msumeno, makopo ya gundi na dirisha lisilofunga vizuri. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, na alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa bila kupandishwa cheo wala kulalamikiwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyokauka kwa gundi, anayezungumza taratibu kama anayesubiri kitu kishike.

Nilikwenda huko na Inspekta Lwidiko wa Idara ya Tahadhari, mimi nikiwa mwandishi. Inspekta Lwidiko ni mtu maarufu. Chai hainywi mpaka aihamishe katika vikombe vitatu. Aliwahi kumweka ndani fundi cherehani wake mwenyewe kwa sababu suti ilimkaa vizuri mno, na hakuelewa yule bwana alipata wapi habari za mabega yake.

"Migongo ya fimbo za Mtukufu," Inspekta alianza, "uliielekeza wapi?"

"Migongo gani, baba?" Zawena akauliza.

"Ya mabomba."

"Mabomba yana migongo?"

"Ninauliza mimi."

Zawena akafikiri. "Mimi huangalia maandishi tu, baba. Yale ya kiwandani. Huyageuza chini ili yasimsumbue mchezaji macho. Mgongo sijawahi kuutafuta."

"Kwa hiyo hukujua migongo inaelekea wapi."

"Sikujua."

"Karani, andika. Mtuhumiwa anakiri kwamba kwa miaka kumi na tisa migongo ya fimbo za Mtukufu ilielekea asikokujua." Akamgeukia tena. "Upande wa kusini kuna mpaka. Unalijua hilo?"

"Pande zote kuna mpaka, baba."

"Andika: anaifahamu mipaka yote."

Niliandika. Zawena alinitazama mkono wakati nikiandika, akauliza kwa upole, "Na wewe kaka, unaamini?" Nilimwambia kuamini si kazi ya kitengo chetu.

Karakana ikafungwa kwa lakiri. Zawena akawekwa nyumbani kwake na askari wawili mlangoni, akisubiri Kamati ya Migongo ikae. Adhabu ya upindishaji ilikuwa miaka saba katika Nyumba ya Kunyoosha. Hata kabla Kamati haijateuliwa, chuo cha ualimu kilimrudisha nyumbani bintiye wa pekee, Sikudhani, aliyebakiza muhula mmoja amalize. Barua ilisema chuo hakiwezi kumkabidhi watoto wa taifa mtu aliyelelewa na mpindishaji. Binti alifika na godoro lake limekunjwa kichwani, akaliegemeza ukutani, akakaa sakafuni.

*

Wakati huohuo taifa lilikuwa likipangwa migongo.

Wakaguzi elfu moja walipewa chaki nyekundu na Fomu ya Mgongo Namba Tatu. Mipini ya majembe ilikaguliwa, kisha mifagio, kisha milingoti ya bendera, kisha magongo ya wagonjwa hospitalini. Akina mama walisimamishwa njiani, miiko yao ikazungushwa kwenye pete za gololi. Mzee mmoja wa mtaani kwangu aliambiwa mkongojo wake unatazama magharibi, na kwamba mpaka upangwe upya asitembee isipokuwa kinyumenyume. Nguzo za umeme zilipogeuzwa, tulikaa siku tisa bila umeme. Redio ilipopata nguvu tena ikatangaza kwamba giza lilikuwa la kawaida, ila sasa lilikuwa limenyooka.

Fimbo kumi na nne za Mtukufu zilipangwa na Profesa mwenyewe. Jumamosi iliyofuata maofisa wote mia mbili na kumi walikuwepo, na viatu vilikuwa vimeng'arishwa kuliko kawaida. Mtukufu akasimama, akaishika fimbo, akapiga.

Mpira ulikwenda kulia. Ulikwenda kulia kwa nguvu ambazo haukuwahi kuwa nazo, ukavuka majani yote yanayoelea na kutua kwenye ukingo wa mbali wa bwawa, mahali ambapo hata samaki hawakuuzoea.

"Umbali umeongezeka!" Profesa akasema harakaharaka.

Mtukufu akaweka mpira wa pili. Kulia. Wa tatu. Kulia. Akasimama, akatutazama mmoja mmoja, kuanzia mstari wa mbele mpaka kwetu sisi makarani. Sijawahi kutazamwa kwa uangalifu namna ile hata na mama yangu.

"Kuna mkono," alisema.

"Kuna mkono, Mtukufu!" Waziri Mashiku akadaka. "Kuna mkono ulioigeuza tena hii migongo kwa siri. Na tunaujua ni wa nani."

Inspekta Lwidiko akakohoa. "Mheshimiwa, yule mama amefungiwa ndani na askari wawili siku kumi na nane."

"Ndiyo maana nasema ni mtu hatari," Waziri akajibu.

*

Tulirudi kwa Zawena. Alikuwa anapembua mchele, na Sikudhani alikuwa anafua shuka ambayo nadhani alikuwa ameshaifua. Inspekta alikaa kwenye stuli, akaitazama, akahamia kwenye stuli nyingine.

"Mpira umekwenda kulia tena," alisema. "Safari hii miaka saba imekuwa kumi na nne. Kama una la kusema, sema."

Zawena akaweka ungo chini. "Baba, nikuulize. Kazi yako wewe ni kushuku?"

"Ndiyo."

"Umenishuku mimi. Vizuri. Umeyashuku mabomba. Umeishuku miiko ya jirani zangu, na mmoja mpaka leo hawajamrudishia. Huyu Profesa, yeye umemshuku lini?"

Nilimwona Inspekta sikio likitetemeka. Baadaye nilielewa kwamba ile ilikuwa aibu. Mtu wa cheo chake, na kuna mtu mzima alipita mbele yake na sanduku zima bila kushukiwa.

"Endelea," alisema.

"Mpe bomba moja mara mbili," Zawena akasema. "Asubuhi akushikie mgongo wake, apige mstari. Mstari ufute kwa spiriti. Jioni mpe tena lilelile, usimwambie. Uone kama mgongo utakuwa umekaa palepale."

"Halafu?"

"Halafu nipe karakana yangu siku mbili. Nitaunganisha fimbo kumi na mbili, vichwa sawa, mabomba sawa. Sita nitaielekeza migongo kwenye shabaha kama Profesa anavyotaka. Sita nitaiacha ielekee inakotaka. Nitazifunga vitambaa zote. Ipi ni ipi ujue wewe peke yako, hata mimi nisikumbuke. Kisha mkono wa chuma upige, na watu wapige. Baba, kama migongo ina kazi, itajionyesha. Kama haina, basi mwanangu arudi chuoni."

Inspekta akanigeukia. "Karani, hilo la mwisho usiandike." Lakini alikuwa ameshasimama, na nilijua ameingiwa na ile njaa yake ya kushuku.

Asubuhi Profesa alipewa bomba. Akalizungusha kwenye gololi, akapiga mstari. Jioni akapewa lilelile, likiwa limefutwa. Mgongo ukatokea upande wa pili kabisa. Inspekta akamletea mara ya tatu, likazaa mgongo wa tatu. Ndipo akamwambia lilikuwa bomba moja.

Profesa akalishika, akalitazama kwa huzuni. "Bomba hili," alisema, "lina tabia isiyoaminika."

"Au pete zako," Inspekta akasema. "Bomba lililopinda unywele mmoja tu litajigeuza kwenye pete zako, lina mgongo au halina. Mashine yako inatafuta kupinda, wewe unaita mgongo." Hayo alikuwa ameelezwa na Zawena, lakini aliyasema kama aliyeyaota.

Siku ya tatu tukaenda na zile fimbo kumi na mbili nyuma ya kiwanja, mimi na Inspekta, pamoja na askari wa kuokota mipira. Mkono wa chuma ulipiga mipira thelathini kwa kila fimbo. Nilipima kwa kamba na kuandika yote mia tatu na sitini. Migongo iliyopangwa na migongo iliyoachwa, mipira yote iliangukia mahali pamoja, kwenye duara ambalo ningeweza kulifunika kwa turubai moja. Kisha wakaletwa wachezaji watatu wa jeshi. Wa kwanza alikuwa na tabia ya kupiga kushoto, akapiga kushoto kwa fimbo zote kumi na mbili. Wa pili alipiga chini sana, akachimba ardhi kwa fimbo zote. Wa tatu alipiga moja kwa moja, kwa zote.

Nikaandika: "Kosa lilimfuata mtu. Halikuifuata fimbo."

Kisha nikasoma nilichoandika. Inspekta naye alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Karani," alisema, "hicho ulichoandika unakielewa?"

"Hapana, mkuu."

"Vizuri. Hata mimi."

*

Kamati ya Migongo ilikaa Jumatano katika ukumbi wa Ikulu, Mtukufu mwenyewe akiwa mbele. Zawena aliwekwa kwenye benchi peke yake, katika gauni la kitenge lililopigwa pasi vizuri sana.

Waziri Mashiku alifungua kwa hotuba ya saa moja na nusu. Nanukuu kipande tu: "Ndugu wajumbe, taifa ni nini kama si bomba refu? Na bomba ni nini kama si mgongo uliovikwa chuma? Adui hatushambulii tena kwa mizinga, la hasha! Adui anatuzungusha nyuzi kumi na tano, kimyakimya, ndani ya gundi!" Wajumbe walisimama kumpigia makofi, na mmoja alilia, akitazama pembeni kama Inspekta ameona.

Kisha Inspekta akasoma taarifa yake. Aliisoma yote, pamoja na ile sentensi yangu. Aliisoma bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama mtu anayevuka daraja asilotaka kulitikisa.

Waziri akaruka. "Unataka kutuambia fimbo hazina kosa?"

"Nasema nimezishuku kwa uwezo wangu wote, Mheshimiwa, na sikupata kitu."

"Na huyu mama?"

"Hana kosa."

"Na Profesa?"

"Mashine yake inadanganya, lakini haina nguvu ya kupindisha mpira. Haina nguvu ya chochote."

"Basi kosa ni la nani?" Waziri akafoka. "Fimbo sizo, fundi siye, mashine siyo! Nani aliyebaki?"

Masikio ya Waziri yakaanza kusikia kilichotoka kinywani mwake. Akakaa taratibu, akakosa kiti kidogo, akajisogeza.

"Ni swali zuri," Mtukufu alisema. "Mama, lijibu wewe."

Zawena alisimama. Aliniambia siku nyingine kwamba kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, lile godoro lililokunjwa ukutani. Alijua kulikuwa na majibu mengi ya kumfikisha nyumbani. Angeweza kusema upepo. Angeweza kusema balozi. Wajumbe kadhaa walikuwa wakimtikisia midomo: upepo, upepo.

"Mtukufu," alisema, "niruhusu nishike mkono wako."

Walinzi wakasogea. Mtukufu akawazuia kwa jicho, akanyoosha mkono wa kulia. Zawena akampa fimbo moja, akamwambia aishike kama anavyoishika siku zote. Akashika. Zawena akagusa vifundo vya vidole vyake kimoja kimoja, kama anayekagua kazi iliyotoka kwenye jiliwa.

"Ona vilivyogeuka vyeupe," alisema. "Unakaza mno, baba. Unaishika kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mkono ukikaza hivi hauwezi kugeuka wakati wa kupiga. Uso wa fimbo unabaki umetazama pembeni, mpira unakwenda kulia. Ungekwenda kulia hata ningekuunganishia fimbo ya dhahabu."

Sikumbuki kama kuna aliyepumua. Mimi niliacha.

Mtukufu aliutazama mkono wake kwa muda mrefu. Alipoinua macho hakuwa amekasirika, na hilo lilitutisha zaidi.

"Nani mwingine," aliuliza, "anajua ninavyoshika?"

Sote tukatazama viatu vyetu.

"Kila aliyewahi kutazama, Mtukufu," Zawena akasema.

*

Gazeti la Serikali lilitoka Ijumaa. Lilitangaza kwamba utaalamu wa kupanga migongo umethibitishwa kuwa wa manufaa makubwa, na kwamba Profesa Tabwe ametunukiwa nishani na kuteuliwa kuwa mwakilishi wetu kwenye kisiwa ambacho meli hukipitia mara moja kwa mwaka, na haisimami. Zawena Lukindo alionekana hana hatia, kwa kuwa kosa lenyewe halikutokea. Chuo kilimwandikia Sikudhani barua ya kumsamehe kwa kuwa alieleweka vibaya, naye akabeba godoro lake siku hiyohiyo, hakusubiri hata chai.

Kifungu cha mwisho kilituhusu sisi. Kuanzia tarehe ile, Mtukufu anapopiga mpira, kila aliyepo atageuka, na mgongo wake utaelekezwa kwenye shabaha. Inspekta Lwidiko alipita na kamba na chaki kutupanga. Mgongo wangu ni wa sabini na tatu. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kubaki ametazama, Zawena, kwa sababu alikuwa ameshaona na haiwezekani tena kumzuia.

Ndiyo maana yaliyobaki niliyasikia tu.

Jumamosi ya kwanza tulisikia fimbo, kisha chubwi. Tukapiga makofi, nyuso zetu zikitazama ukuta wa jikoni. Kisha tukasikia sauti ya Mtukufu, ya chini, "Umekwenda wapi?"

"Kulia, baba. Majini."

Mimi nilifumba macho nikingoja mlio wa pingu. Badala yake nikasikia, "Nionyeshe tena."

"Legeza hiki kidole. Na hiki. Shika kama yai la kuazima. Hakuna anayekutazama."

Fimbo, chubwi, makofi. Jumamosi ya pili hivyohivyo, na ya tatu, na ya nne. Tulikwishazoea. Chubwi ndiyo ilikuwa ishara yetu, na baadhi ya wakurugenzi walijisifu kwamba wanaweza kupiga makofi kabla maji hayajatulia. Kati ya mpira na mpira tulisikia mazungumzo yao, mafupi, kuhusu bega, kuhusu pumzi, na mara moja kuhusu marehemu mume wa Zawena, ambaye Mtukufu alisema anamkumbuka. Sijui kama ni kweli.

Jumamosi ya saba mlio wa fimbo ulikuwa mwingine. Ulikuwa mwepesi na mkavu, ta! Tukainua mikono.

Hakukuwa na chubwi.

Tulisubiri. Mikono mia mbili na kumi ya kulia na mia mbili na kumi ya kushoto ilikuwa hewani, imeachana kiasi cha shibiri moja. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Kupiga makofi bila chubwi kungeweza kuwa kejeli. Kutopiga kungeweza kuwa mgomo. Kugeuka kulikuwa kifo. Nilimsikia mkurugenzi aliye kushoto kwangu akisali.

"Umekwenda wapi?" Mtukufu akauliza, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayejua tayari ila anataka kusikia.

"Umenyooka, baba," Zawena akasema. "Umenyooka katikati kabisa."

Mtukufu akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha sherehe tulichokizoea, bali kicheko kifupi kilichomtoka bila kukipanga, na Zawena akacheka pamoja naye. Wale wawili walicheka nyuma yetu juani, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyethubutu kushusha mikono.

Waziri Mashiku alikuwa kulia kwangu. Alininong'oneza bila kugeuza shingo, macho yakiwa ukutani.

"Umemsikia? Eti katikati kabisa. Wiki sita mama yule amesema kweli, nikaanza kumheshimu. Sasa na yeye ameanza kujipendekeza." Akavuta pumzi. "Andika jina lake."

Nikashusha mkono mmoja, polepole, nikatoa kalamu, nikaandika.